Asidi, besi, redoksi na haidrokaboni: maswali ninayoulizwa kila muhula

Nafundisha kemia sekondari, na kila muhula maswali ni yaleyale. Mengi huja kipindi kikishaisha, na huja kwa Kiswahili, kwa kuwa darasani tunasoma kwa Kiingereza na mwanafunzi huona haya kukosea mbele ya wenzake. Mengine huletwa na wazazi, mafundi na mama lishe, na hayo nayapenda kupita yote. Nimeyakusanya hapa.

Jambo moja kabla hatujaanza. Kwenye kila mmenyuko, jizoeze kuuliza: nani anatoa, nani anapokea, na kinachohama ni nini? Kwenye asidi na besi kinachohama ni protoni. Kwenye redoksi kinachohama ni elektroni. Mwanafunzi aliyelishika hili hana haja ya kukariri nusu ya daftari.

Asidi ni nini hasa? Mbona kila kitabu kinasema lake?

Vitabu havigombani, vinasimulia vituo vya safari moja. Katika karne ya 18 Mfaransa Lavoisier aliamini kwamba kila asidi lazima iwe na oksijeni. Hata jina oksijeni alilitunga kwa Kigiriki akimaanisha mzaa asidi. Alikosea: asidi ya haidrokloriki, HCl, haina oksijeni hata chembe. Baadaye Msweden Svante Arrhenius, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1903, akasema asidi ni kile ambacho ndani ya maji huachia ioni (chembe zenye chaji) za haidrojeni, H⁺, na besi ni ile inayoachia ioni za haidroksaidi, OH⁻. Maelezo hayo yanatosha kwa maswali mengi ya kidato cha pili.

Yanakwama kwenye amonia. NH₃ haina OH ya kuachia, lakini ukiiyeyusha kwenye maji inageuza litmasi nyekundu, ile karatasi ya kupimia asidi na besi, kuwa ya bluu. Mwaka 1923 Brønsted wa Denmark na Lowry wa Uingereza, kila mmoja kivyake, wakalifungua fundo: asidi hutoa protoni, besi hupokea protoni. Amonia inachukua protoni kutoka kwa maji, na maji yaliyonyang'anywa yanabaki kuwa OH⁻:

NH₃ + H₂O ⇌ NH₄⁺ + OH⁻

Kwa nini tunasema protoni badala ya H⁺? Ni kitu kimoja. Atomu ya haidrojeni ina protoni moja na elektroni moja basi. Ukiiondolea elektroni, hakuna kinachobaki ila protoni.

Tindikali na asidi ni vitu viwili tofauti?

Hapana. Mtaani tindikali imekuwa jina la asidi kali ya kuunguza, hasa ile ya betri, lakini kikemia ndimu nayo ina tindikali.

Mtu akimwagikiwa asidi, nimpake magadi ili yaizimue?

Usifanye hivyo hata kidogo. Mmenyuko wa asidi na besi hutoa joto, na joto hilo litatokea juu ya ngozi iliyokwisha kuungua. Tena unapoteza dakika kutafuta magadi. Maji safi, mengi, yanayotiririka, kwa dakika 20 au zaidi, huku nguo zilizolowa zikivuliwa, kisha hospitali. Jicho nalo ni hivyohivyo: maji, bila kusita.

Besi na alkali zinatofautianaje?

Alkali ni besi inayoyeyuka kwenye maji. Sodiamu haidroksaidi ni besi na ni alkali. Oksaidi ya shaba ni besi, maana inaondoa asidi, ila haiyeyuki, kwa hiyo si alkali. Kila alkali ni besi. Kinyume chake si kweli.

pH inapima nini, na kwa nini pH 3 si "karibu sawa" na pH 4?

Inapima wingi wa ioni za H⁺, lakini kwa kuhesabu sifuri. Maji yenye moli 0.001 za H⁺ kwa lita (moli ni kipimo cha idadi ya chembe) yana pH 3. Yenye moli 0.0001 yana pH 4. Hatua moja ni mara kumi, hatua mbili ni mara mia, hatua tatu ni mara elfu. Kipimo hiki kilibuniwa na Sørensen mwaka 1909, katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg huko Copenhagen, kwa sababu bia huharibika asidi isipokuwa kwa kiasi chake.

Juisi ya ndimu iko kwenye 2 na kidogo. Maji ya mvua safi ni 5.6, wala si 7, kwa sababu mvua huyeyusha kabonidayoksaidi ya hewani ikishuka. Maji ya bahari ni kama 8.1. Damu yako iko kati ya 7.35 na 7.45, na mwili unapigana usiku na mchana isitoke hapo.

Asidi yenye nguvu na asidi iliyokolea si kitu kimoja?

Hapa ndipo wengi huangukia. Fikiria chai. Ukitia majani mengi kwenye kikombe kimoja, chai imekolea. Ukiongeza maji, imezimuliwa. Kukolea ni wingi wa kitu ndani ya maji, na hakusemi chochote juu ya tabia ya kitu chenyewe.

Nguvu ni tabia. HCl ikiingia kwenye maji, karibu kila molekuli hutoa protoni yake. Hiyo ni asidi yenye nguvu, hata ukiizimua mpaka ikawa tone moja kwenye ndoo. Asidi ya ethanoiki, ile ya kwenye siki, ni bahili: kwenye siki ya dukani molekuli chini ya moja kati ya mia ndiyo imeachia protoni kwa wakati mmoja, nyingine zimeishikilia. Ni asidi dhaifu, na hata ikikolea itakuunguza lakini haitageuka kuwa yenye nguvu. Kwa hiyo mtihani ukikupa "asidi dhaifu iliyokolea" au "asidi yenye nguvu iliyozimuliwa", usishtuke, zote mbili zipo.

Nawezaje kupima asidi na besi nyumbani bila litmasi?

Fungua kabati la viungo. Manjano, yaani bizari ya njano, ni kiashiria kizuri sana: kwenye asidi na kwenye maji ya kawaida hubaki njano, kwenye alkali hugeuka nyekundu ya udongo. Aliyewahi kufua kanzu nyeupe yenye doa la mchuzi amekwisha kufanya jaribio hili. Sabuni ya kipande ina alkali, doa la njano linageuka jekundu mikononi mwake, na anadhani ameharibu kanzu. Hajaharibu. Kamulia ndimu pale, litarudi njano, kisha suuza na uanike juani. Jua huifisha rangi ya manjano kuliko sabuni.

Choya nayo inafaa. Chemsha maua yake, gawa maji mekundu kwenye vikombe viwili. Kimoja tia ndimu, kitazidi wekundu. Kingine tia magadi, kitageuka kuelekea kijani au bluu. Somo hili huwa nalianzia hapa, kabla ya ubao, kwa sababu mtoto aliyeona rangi ikigeuka kwa mkono wake hasahau.

Kwa nini maharage yakitiwa magadi huiva upesi? Na ni kweli yana madhara?

Swali hili liliulizwa na mama lishe mmoja aliyekuja kumchukua mwanawe shuleni, na tulikaa nalo mpaka jioni.

Magadi ni chumvi ya asili iliyochanganya sodiamu kaboneti na sodiamu haidrojenikaboneti pamoja na maji. Hupatikana kwa wingi kwenye Bonde la Ufa: Ziwa Natron upande wa Tanzania, ambako pH ya maji hupita 10, na Ziwa Magadi upande wa Kenya, ambako uchimbaji wa kibiashara ulianza zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Jirani na Natron upo mlima Ol Doinyo Lengai, volkano hai pekee duniani inayotoa lava ya kaboneti, lava nyeusi ambayo ikipoa na kulowa unyevu hugeuka nyeupe. Mvua na chemchemi husomba sodiamu hiyo mpaka ziwani, jua linakausha maji, magadi yanabaki.

Ndani ya sufuria yanafanya kazi mbili. Seli za harage zimegandishwa pamoja na pektini, kama matofali na udongo wa kujengea. Alkali huivunja pektini na harage hulainika. Pili, maji ya chumvichumvi yana ioni za kalisi na magnesiamu ambazo huikaza pektini; kaboneti inazinasa ioni hizo na kuzifanya zigande chini zisisumbue. Ndiyo maana kisima cha maji magumu, yaani yenye ioni hizo nyingi, huwalazimisha watu kuongeza magadi.

Hasara zipo. Vitamini B1 haivumilii alkali na moto kwa pamoja, nayo ni moja ya sababu za kula maharage. Jambo la pili ni zito zaidi: magadi mengi ya Bonde la Ufa hubeba floraidi, na wakazi wa Arusha, Kilimanjaro na Manyara wanayajua meno ya kahawia yanayotokana na floraidi iliyozidi utotoni, kutoka kwenye maji na kwenye magadi. Ushauri wangu: loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, pika bila magadi. Ukilazimika, tia chembe tu, na kama kuna watoto wadogo ndani ya nyumba usitie.

Na usipikie magadi kwenye sufuria ya alumini. Sufuria hiyo inalindwa na utando mwembamba wa oksaidi, alkali inaula, na chombo kinakuwa cheusi.

Chokaa ya ukutani ni besi? Mbona ikikauka inakuwa jiwe?

Ni besi, na kisa chake kizuri kwa mtu wa pwani. Mafundi wa Kilwa, Lamu na Unguja walichoma mawe ya matumbawe kwenye tanuri la magogo. Matumbawe ni kalisi kaboneti. Kwenye joto la nyuzi 900 hivi hutoa kabonidayoksaidi, inabaki kalisi oksaidi, chokaa hai. Ikimwagiwa maji inafoka na kuchemka, na kazi hiyo mafundi huiita kuzima chokaa. Chokaa iliyozimwa, Ca(OH)₂, hupakwa ukutani, nayo taratibu hurudisha kutoka hewani ile kabonidayoksaidi iliyopotea tanurini:

Ca(OH)₂ + CO₂ → CaCO₃ + H₂O

Ukuta umerudi kuwa jiwe lilelile la baharini. Chokaa ileile iliyozimwa ndiyo inayotiwa kwenye tambuu, na bila alkali yake popoo haingetoa rangi ile nyekundu mdomoni.

Kwa nini asidi hutiwa kwenye maji, na si maji kwenye asidi?

Asidi ya salfuriki iliyokolea ikikutana na maji hutoa joto kali sana. Ukitia maji juu ya asidi, maji mepesi yanakaa juu, yanachemka papo hapo na kurusha asidi usoni. Ukitia asidi kidogokidogo kwenye maji mengi huku unakoroga, maji yanameza joto. Mafundi wa betri wanaijua sheria hii, na wengine wana makovu ya kuijua.

Kwenye titresheni, nitajuaje kama nitumie POP au MO?

Titresheni ni kutia asidi kwenye besi kidogokidogo mpaka zimalizane, na POP na MO ni viashiria vinavyoonyesha mwisho huo kwa rangi. Tazama jozi. Asidi yenye nguvu na besi yenye nguvu: chochote kati ya hivyo viwili. Asidi dhaifu na besi yenye nguvu, mfano siki na NaOH: POP, yaani finolfthalini, kwa kuwa mwisho wa mmenyuko uko juu ya 7. Asidi yenye nguvu na besi dhaifu, mfano HCl na amonia: MO, methili oranji. Zote mbili dhaifu: hakuna kiashiria cha kuaminika.

Hesabu nayo si ngumu ukiifuata moli. Tuseme cm³ 25 za NaOH zimemalizwa na cm³ 20 za HCl yenye moli 0.1 kwa lita. Moli za asidi ni 0.1 × 0.020 = 0.002. Mlingano unasema moja kwa moja, kwa hiyo NaOH nayo ni moli 0.002, ndani ya lita 0.025. Gawanya: 0.08 kwa lita. Zidisha kwa 40, yaani gramu za moli moja ya NaOH, unapata gramu 3.2 kwa lita.

Sasa badilisha HCl kwa H₂SO₄ yenye kipimo kilekile. Kila molekuli inatoa protoni mbili, kwa hiyo NaOH ilikuwa 0.16. Wanaokariri fomula bila kuandika mlingano hupoteza alama hapa kila mwaka, na inaniuma, kwa sababu ni alama walizokuwa nazo mkononi.

Naweza kuchanganya jiki na dawa ya choo ili choo king'ae zaidi?

USICHANGANYE. Jiki ina sodiamu haipokloraiti. Dawa nyingi za kusugulia choo zina asidi ya haidrokloriki. Zikikutana:

ClO⁻ + Cl⁻ + 2H⁺ → Cl₂ + H₂O

Hiyo Cl₂ ni gesi ya klorini, iliyotumika kama silaha kwenye Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Choo ni chumba kidogo, dirisha dogo, na mtu ameinama. Jiki na amonia pia ni sumu. Tumia kimoja, suuza kwa maji mengi, ndipo ufikirie kingine siku nyingine.

Mlingano huo ni daraja zuri pia. Asidi imetoa H⁺, lakini klorini mbili nazo zimepeana elektroni. Tumeingia kwenye redoksi.

Kama kupokea elektroni ni kuongezewa, kwa nini kunaitwa kupunguzwa?

Umeuliza vizuri, na jina hilo limewatesa wengi. Limetoka kwa wafua chuma, miaka mingi kabla elektroni haijajulikana. Gramu 160 za madini ya Fe₂O₃ zikipikwa na mkaa hutoa gramu 112 za chuma. Uzito umepungua kwa sababu oksijeni imeondoka. Baadaye ikaonekana kwamba kiini cha tukio ni chuma kupokea elektroni, jina la zamani likabaki. Kumbuka pia kwamba elektroni ina chaji hasi, kwa hiyo anayeipokea chaji yake hushuka: Fe³⁺ inashuka mpaka 0. Shika hivi: anayetoa elektroni ameoksidishwa, anayepokea amepunguzwa, na hakuna mmoja bila mwenzake.

Huna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Wahaya wa Kagera walikuwa wanafua chuma cha kaboni magharibi ya Ziwa Victoria yapata miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, na Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha matokeo ya utafiti wao huo mwaka 1978. Wazee waliokumbuka kazi hiyo walijenga tanuru upya, wakachoma mkaa wakipuliza hewa kwa mivukuto kupitia mirija ya udongo iliyoingia ndani ya tanuru, hewa ikapata joto kabla ya kufika kwenye moto. Mkaa ukatoa kabonimonoksaidi, nayo ikanyakua oksijeni ya madini:

Fe₂O₃ + 3CO → 2Fe + 3CO₂

Kaboni imeoksidishwa kutoka +2 hadi +4 (hizi ni namba za oksidisho: zinahesabu elektroni ambazo atomu imetoa, au imepokea zikiwa hasi). Chuma kimepunguzwa kutoka +3 hadi 0. Mlingano wa mtihani wako ulikuwa kazi ya mikono Buhaya kabla ya kuwa na vitabu vya kemia.

Namba ya oksidisho naipataje bila kubahatisha?

Anza na unazozijua: oksijeni huwa −2, haidrojeni +1, potasiamu na sodiamu +1, na jumla ya kiwanja kisicho na chaji ni sifuri. Chukua KMnO₄, ile dawa ya zambarau ya kusafishia vidonda. Oksijeni nne ni −8, potasiamu ni +1, kwa hiyo manganizi lazima iwe +7. Manganizi yenye +7 ina njaa kubwa ya elektroni, ndiyo maana inaua vijidudu: inawapokonya. Kwenye asidi inashuka hadi +2 na zambarau inapotea kabisa. Kwenye maji ya kawaida inaishia +4 na kuacha ile rangi ya kahawia iliyoganda kwenye kucha za muuguzi.

Kwa nini mabati ya Tanga yanaoza kabla ya mabati ya Dodoma?

Kutu inahitaji chuma, oksijeni na maji, vyote vitatu. Chuma kinatoa elektroni upande mmoja wa bati, oksijeni na maji vinazipokea upande mwingine, na ioni lazima zitembee kati yao. Chumvi ya upepo wa bahari ndiyo inayozitembeza ioni, kwa hiyo kazi inakwenda mbio.

Bati jipya limepakwa zinki. Watu wengi hudhani zinki ni kama rangi tu, ikikwaruzwa kinga imekwisha. Sivyo. Zinki hutoa elektroni kwa wepesi kuliko chuma, kwa hiyo hata pakikwaruzwa inatangulia kuoksidishwa na chuma kinasalimika. Chuma huanza kuliwa zinki ikiisha pale. Meli nazo hufungwa vipande vya zinki chini kwa sababu hiyohiyo, vikiliwa vinabadilishwa.

Jiko la mkaa ndani ya chumba lina hatari gani, ikiwa halitoi moshi?

Kutotoa moshi ndiko kunakoua. Mkaa ukikosa hewa ya kutosha hutoa kabonimonoksaidi, ileile CO iliyowafaa wafua chuma. Haina rangi wala harufu. Inashikana na hemoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, anasinzia, haamki. Kila msimu wa baridi nasikia habari za familia iliyolala na jiko ndani ya chumba kilichofungwa, na naomba kila anayesoma hapa aliseme nyumbani kwao leo: jiko hutolewa nje kabla ya kulala. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi.

Haidrokaboni ni nini, na methani, etheni, ethini zinatofautianaje?

Ni kampaundi zenye kaboni na haidrojeni tu. Mwanzo wa jina unahesabu kaboni: meth- ni moja, eth- mbili, prop- tatu, but- nne. Mwisho wa jina unataja mikono iliyoshikana kati ya kaboni na kaboni, nayo ni irabu tu: a, e, i. Ethani, C₂H₆, mkono mmoja. Etheni, C₂H₄, mikono miwili. Ethini, C₂H₂, mikono mitatu. Alkani, zenye mkono mmoja, zimeshiba haidrojeni. Alkeni, zenye mikono miwili, na alkini, zenye mitatu, bado zina nafasi, kwa hiyo zinaifuta rangi ya maji ya bromini upesi, na alkani haziifuti labda ziachwe juani.

Kuungua kwa methani ni redoksi: CH₄ + 2O₂ → CO₂ + 2H₂O. Kaboni imetoka −4 hadi +4. Mwali wa bluu jikoni ni elektroni nane zinazohama kwa kila molekuli.

Gesi ya mtungi na gesi ya Songo Songo ni moja?

Si moja, na tofauti yake inaweza kuokoa nyumba. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 kwenye kisiwa cha jina hilo wilayani Kilwa na kuanza kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, karibu yote ni methani. Molekuli yake ina uzito wa 16, hewa ni kama 29, kwa hiyo ikivuja inapaa. Methani ndiyo pia iliyoyeyuka chini ya Ziwa Kivu, ambako Rwanda inaivuta kuzalisha umeme.

Gesi ya mtungi ni propani na butani, uzito wa 44 na 58. Ikivuja inashuka, inatambaa sakafuni, inajikusanya chini ya kitanda na kwenye mashimo. Ukiisikia harufu, usiwashe wala kuzima taa, maana swichi hutoa cheche. Funga mtungi, fungua mlango, acha itoke nje. Harufu yenyewe si ya gesi: propani na butani hazinuki. Imetiwa ethanithioli, kemikali ya salfa, ili pua yako ikuonye.

Kwa nini mafuta ya taa yaliyochakachuliwa hulipua taa?

Petroli, mafuta ya taa, dizeli na lami hutoka kwenye mafuta ghafi mamoja, zikitenganishwa kwa joto la kuchemka. Mnyororo mfupi wa kaboni huvukiza upesi, mrefu huvukiza polepole. Petroli hutoa mvuke wa kushika moto hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Mafuta ya taa yanahitaji nyuzi 38 au zaidi juu ya sifuri. Petroli kidogo ikiingia kwenye mafuta ya taa, kibatari kinajaa mvuke na kiberiti kinamaliza kazi. Upande wa pili, mafuta ya taa kwenye petroli ya gari huacha masizi na kugonga injini. Vinasaba, yaani alama za kemikali, vinavyotiwa kwenye mafuta nchini ni kwa ajili ya kumnasa mchakachuaji.

Kuvundika ndizi kuna kemia gani? Na kabidi je?

Tunda linaloiva hutoa etheni, na etheni huliamuru tunda la jirani liive. Ukivundika mkungu shimoni au kwenye gunia unaizuia gesi isitoroke. Ndiyo maana bibi hutia ndizi moja mbivu katikati ya mbichi, na wengine hufukiza moshi, kwa sababu moshi nao una etheni kidogo.

Kabidi ni njia ya mkato. Ni kalisi kabidi, ile ya mafundi wa kuchomelea, na ikilowa hutoa ethini:

CaC₂ + 2H₂O → C₂H₂ + Ca(OH)₂

Ethini inaiga etheni kwa udhaifu, ganda la embe linabadilika rangi na ndani bado gumu na halina utamu. Kibaya zaidi, kabidi ya viwandani huwa na mabaki ya aseniki na fosforasi. Embe la njano lisilonukia, lenye unga mweupe karibu na kikonyo, liache mezani kwa muuzaji. Ukiwa umeshalinunua, lioshe vizuri, limenye, na mwambie muuzaji sababu ya kutorudi.